Kifurushi cha Mbps 200, kipimo kinagotea 94: nipime vipi kabla sijawapigia kampuni?

Njiapanda_Dar (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoelewa mambo ya mtandao.

Nimefungiwa faiba nyumbani, kifurushi cha Mbps 200 kupakua na 200 kupakia. Mpangilio uko hivi: faiba inaingia kwenye kisanduku cheupe cha kampuni (ONT), hapo inatoka kebo fupi kwenda kwenye ruta yangu, na kwenye ruta inatoka kebo ya mita 18 hivi iliyopita juu ya dari hadi mezani kwenye laptopu. Majibu ya vipimo:

- Laptopu kwa kebo, Speedtest: kupakua 94.1, kupakia 93.7, pingi (muda wa kwenda na kurudi) 4 ms
- Laptopu kwa kebo, fast.com: 91 hadi 93
- Simu chumbani: 46. Simu ikiwa mita mbili kutoka kwenye ruta: 52
- Kupakua faili la Linux kutoka seva ya Ulaya: programu inaandika 3 MB/s
- Saa 3 usiku mtu akipakia video, simu za WhatsApp zinakatakata na pingi inapanda mpaka 180

Nimerudia zaidi ya mara kumi kwa siku tatu, ile 94 haisogei. Je, nimepewa nusu ya kifurushi au napima vibaya?

---

fundi_nyuzi8

Mkuu, hiyo 94 isiyosogea ndiyo jibu lenyewe. Laini iliyozidiwa na watumiaji hucheza: mara 130, mara 70, mara 160. Namba inayogota palepale asubuhi na usiku, kupakua na kupakia, maana yake mahali fulani kati ya laptopu yako na ONT kuna kiungo cha Mbps 100.

Kwa nini 94 na siyo 100? Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti iliyojaa ina baiti 1,500. Ndani yake vichwa vya IP na TCP (taarifa za anwani na za kuthibitisha kufika) vinakula baiti 40 hadi 52, na nje yake Etheneti (mfumo wa mtandao wa waya) inaongeza baiti 38 za kwake. Kwa hiyo katika kila baiti 1,538 zinazopita kwenye waya, data yako ni kama 1,448 hadi 1,460. Hiyo ni asilimia 94 hadi 95. Poti ya 100 ikifanya kazi vizuri kabisa itakupa 94 au 95. Ya gigabiti moja itakupa 940. Ukiziona namba hizi mbili, anza na waya kabla ya kampuni.

Sasa waya. Kebo ya mtandao ina nyuzi 8, yaani jozi 4. Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Uzi mmoja wa pini 4, 5, 7 au 8 ukikatika, au kichwa cha kebo kikibanwa vibaya uzi usifike kwenye meno, vifaa viwili vinajadiliana, vinashindwa gigabiti, vinashuka kimyakimya hadi 100. Hakuna onyo, intaneti inaendelea kufanya kazi. Ndiyo maana watu wanakaa nalo mwaka mzima.

Angalia hivi. Kama ni Windows, fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter`, kisha soma safu ya LinkSpeed. Kwenye Linux ni `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi ya mtandao, usome mstari wa Speed. Ikiandika 100 Mbps, usipime tena intaneti. Utakuwa unapima kebo yako.

Chukua kebo fupi nzuri, mita 1 au 2, iliyoandikwa Cat5e au Cat6 ubavuni. Chomeka laptopu moja kwa moja kwenye ruta, angalia LinkSpeed tena, pima tena. Leta majibu.

Jambo moja zaidi: kama unatumia adapta ya USB, hakikisha si ya USB 2.0. Zile za bei ya chini zina poti ya 100, na hata yenye poti ya gigabiti ikipita kwenye USB 2.0 itakwamia kwenye 300 na kidogo.

---

Mama_Seva

Naongezea upande wa simu, kwa sababu 46 na 52 zina maelezo yake tofauti na hiyo 94.

Simu yako imeshika masafa ya 2.4 GHz. Simu nyingi kwenye masafa hayo zinaunga kwa Mbps 72, na kasi halisi inabaki 40 hadi 55 hata ukikaa juu ya ruta. Kwa hiyo 52 karibu na ruta si ugonjwa, ndio uwezo wa masafa hayo. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, ipe 5 GHz jina lake tofauti, kisha unganisha simu huko. (Hiyo 5G inayoandikwa kwenye jina la waifai haihusiani na 5G ya laini ya simu. Watu wengi wanachanganya.) Simu yenye antena moja itaunga kwa Mbps 433, yenye antena mbili kwa 867, na kasi halisi ni kama asilimia 60 ya hapo. Ukiwa chumba kimoja na ruta, kifurushi cha 200 kitafika. Ukiweka kuta mbili za tofali za saruji katikati, 5 GHz inachoka upesi kuliko 2.4.

Maandishi ya kwenye boksi nayo yasikupotoshe. AC1200 ni 300 ya 2.4 GHz kujumlisha 867 ya 5 GHz, na simu yako haitumii zote mbili kwa pamoja. Kibaya zaidi, ruta nyingi za AC1200 za bei nafuu zina poti za 100 pande zote. Hata waifai ikiunga kwa 867, data inaingilia kwenye mlango wa 100. Kabla ya kununua, tafuta maneno "10/100/1000" kwenye maelezo ya poti, upande wa WAN (unaotoka kwa kampuni) na upande wa LAN (wa vifaa vyako).

Halafu vipimo vyenyewe: Mbps ni megabiti, MB/s ni megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Ile 3 MB/s yako ni Mbps 24. Mbps 200 kamili ni 25 MB/s.

---

Njiapanda_Dar (mleta mada)

Asanteni sana. Kwa kebo ya dari, LinkSpeed inaandika 100 Mbps. Kwa kebo fupi mpya kwenye ruta inaandika 1 Gbps. Nikapima kwa furaha, nikapata 94.0! Ruta nimeisoma chini, imeandikwa poti za gigabiti. Imekuwaje?

---

fundi_nyuzi8

Una makosa mawili, moja limejificha nyuma ya jingine. Hili la kwanza umelimaliza. La pili liko kati ya ruta na ONT.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, anwani iko kwenye kibandiko chini), tafuta hali ya WAN. Ikisema 100M, chomoa ile kebo fupi inayotoka ONT uitazame kichwa chake cha plastiki dhidi ya mwanga. Kebo nyingine za kwenye maboksi ya zamani zina nyuzi 4 tu ndani, na nafasi za pini 4, 5, 7 na 8 ziko tupu. Hizo haziwezi gigabiti hata zikiwa mpya. Angalia pia poti uliyotumia kwenye ONT: baadhi ya visanduku vina poti moja tu ya gigabiti na nyingine za 100, na ya gigabiti mara nyingi imeandikwa GE, za 100 zimeandikwa FE.

Ukitaka uhakika wa mwisho, ondoa ruta kabisa na uchomeke laptopu kwenye ONT. Hapa kuna mtego. Kama ONT yenyewe inagawa anwani, laptopu itapata intaneti papo hapo. Kama ruta yako ndiyo inayojiunga na kampuni kwa PPPoE, yaani kwa jina na nywila, itabidi utengeneze muunganisho huo kwenye laptopu kwa nywila zilezile. Na kuna kampuni zinazofunga huduma kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa cha kwanza kilichoungwa. Hapo zima ONT dakika chache kisha uiwashe na laptopu ikiwa imechomekwa. Isipokubali, wapigie waifute ile ya zamani.

Wakati wa kupima zima VPN, simamisha masasisho ya Windows, funga ulinganishaji wa picha na mafaili kwenda kwenye hifadhi za mtandaoni, na TV iwe imezimwa. Laptopu iwe kwenye umeme, isiwe kwenye hali ya kubana betri. Kivinjari kwenye mashine dhaifu nacho kinapunguza namba, kwa hiyo tumia programu yenyewe ya Speedtest, ile ya kusakinisha.

---

kipimo_halisi

Mimi napinga kidogo. Speedtest si kipimo. Seva iko ndani ya jengo la kampuni ileile inayokuuzia, lazima ioneshe namba nzuri. Kipimo ni kupakua faili kubwa kutoka nje. Amepata 3 MB/s, hiyo ndiyo kasi yake ya kweli.

---

Mama_Seva

Ndugu, nusu ya hoja yako ni sahihi, na hiyo nusu ni muhimu. Ila faili moja kutoka Ulaya nalo halipimi laini. Linapima umbali.

Mwanga ndani ya faiba unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 100 zinakugharimu 1 ms kwenda na kurudi. Ulaya kutoka Dar, kwa njia ya mikongo ya baharini ambayo hainyooki, pingi ya 150 ms ni ya kawaida. Ili muunganisho mmoja ujaze Mbps 200 kwa pingi hiyo, inabidi megabaiti 3.75 ziwe njiani wakati wote zikisubiri kuthibitishwa. Seva nyingi za mafaili hazikuruhusu kiasi hicho. Tena pakiti chache zikipotea njiani, TCP inapunguza mwendo na kupanda upya polepole, na upandaji huo unategemea pingi. Pingi ya 4 ms inapona kwa kufumba na kufumbua, ya 150 inajikongoja.

Jaribu faili lilelile kwa programu ya kupakua yenye miunganisho 8 kwa pamoja. Ikiruka kutoka 3 hadi 18 MB/s, laini haina kosa. Speedtest kwa kawaida inafungua miunganisho kadhaa, ndiyo sababu inaonesha namba kubwa, na unaweza kuichagulia muunganisho mmoja uone tofauti. Kipimo cha M-Lab (huduma nyingine ya kupima kasi) kinatumia mmoja, kwa hiyo usishangae kikiwa chini. fast.com ni ya Netflix na inapima hadi kwenye seva za Netflix. Namba zake zinakwambia kuhusu njia hiyo, si kuhusu njia ya kwenda kila mahali.

Kwa hiyo pima seva tatu, saa ileile, mfululizo. Ya kwanza ni seva ya kampuni yako. Ya pili ni seva ya kampuni nyingine hapahapa Dar. Ya tatu iwe nje, mfano Marseille au London. Kwenye programu ya mstari wa amri ni `speedtest -L` kuona orodha ya seva, kisha `speedtest -s` na namba ya seva. Majibu yanasomwa hivi: ya kwanza ikiwa chini, shida iko kati yako na kampuni. Ya kwanza ikiwa 200 na ya pili 60, shida iko pale kampuni zinapokutana. Za Dar zikiwa nzuri na ya nje ikaanguka, ni njia ya kimataifa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika upande wa kusini, intaneti ya Tanzania na majirani ilizorota vibaya. Siku kama hiyo seva ya Dar inaweza kukupa 200 kamili huku barua pepe haifunguki. Hapo ndipo hoja yako ina uzito.

Angalizo kwa wanaosoma na wana bando la simu: kipimo kimoja cha sekunde 10 kwa Mbps 200 kinakula megabaiti 250 kupakua, na nyingine kama hizo kupakia. Nusu gigabaiti imekwenda kwa kubofya mara moja.

---

kipimo_halisi

Nimekuelewa, dada. Hizo seva tatu nimezinakili. Nilikuwa nachukulia namba moja.

---

bafa_nene

Hakuna aliyejibu ile ya pingi 180 mtu akipakia video, na kwa maisha ya kila siku naona hiyo inaumiza kuliko Mbps.

Upakiaji ukijaza laini, pakiti zinapanga foleni ndani ya ruta au ONT. Foleni ikiwa ndefu, pakiti ndogo ya sauti ya WhatsApp inasimama nyuma ya mamia ya pakiti za video. Kasi inaonekana nzuri, lakini maongezi yanakatika.

Pima hivi: fungua dirisha la amri, andika `ping -n 60 8.8.8.8` (8.8.8.8 ni seva ya Google; Linux na Mac ni `-c 60`), iache iende sekunde 15 laini ikiwa tupu, kisha anzisha kipimo cha kasi huku pingi ikiendelea. Tofauti ya chini ya 30 ms ni nzuri. Kutoka 4 hadi 180 ni mbaya. Rudia kwa anwani ya ruta yenyewe, 192.168.1.1. Ukiwa kwa kebo na hiyo ikabaki 1 ms huku 8.8.8.8 ikipanda, foleni iko upande wa laini. Ukiwa kwa waifai na hata ya ruta ikapanda, rekebisha waifai kwanza.

Dawa ni ruta yenye usimamizi wa foleni, kwa majina SQM, fq_codel au CAKE. OpenWrt (programu huria ya ruta) inazo. Kwa Mbps 200 weka kikomo 180 hadi 190 kwa kila upande, ili foleni ijengeke kwenye ruta yako inayojua kugawa, isijengeke mbele ambako huna mamlaka. Utapoteza Mbps 10 hadi 20 kwa makusudi na simu hazitakatika tena. Ila kazi hiyo inafanywa na prosesa, na ruta dhaifu itashuka hadi 80 au 100 ukiiwasha. Hata QoS (mipangilio ya kutanguliza baadhi ya matumizi) ya kawaida kwenye ruta za dukani mara nyingi inazima ule msaada wa maunzi unaopitisha pakiti haraka. Kwa hiyo ukiona kasi imeanguka baada ya kugusa mipangilio, izime kwanza kabla ya kulaumu mtu. Na usiweke kikomo kabla hujamaliza suala la 94, maana utakuwa unasawazisha juu ya kosa.

---

Njiapanda_Dar (mleta mada)

WAN ilikuwa 100M kweli. Kebo ya ONT ina nyuzi 4 tu, kama ulivyosema. Nimeweka Cat5e yenye 8: seva ya kampuni 203/198, kampuni nyingine ya Dar 196/190, Marseille 141/88. Simu kwenye 5 GHz, sebuleni, 187. Usiku saa 3 seva ya kampuni imeshuka hadi 120. Hiyo ya usiku niiripoti? Na kebo ya dari niitupe?

---

fundi_nyuzi8

Safi sana. Ya usiku iripoti, lakini nenda na ushahidi. Kwenye GPON (aina ya faiba ya majumbani), tawi moja lina Gbps 2.488 za kushuka na 1.244 za kupanda, na nyumba 32 au 64 zinagawana kwa splita (kigawa mwanga). Saa 2 hadi saa 5 usiku kushuka kidogo kunategemewa. Kushuka hadi 120 kila siku si kidogo. Pima kwa kebo, seva ileile, mara tatu kwa siku (saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 3 usiku) kwa siku saba. Andika tarehe, saa, seva, kupakua, kupakia, pingi na pakiti zilizopotea, pamoja na kiungo cha matokeo. Waambie wazi kwamba umepima kwa kebo na LinkSpeed ni 1 Gbps. Bila sentensi hiyo wa huduma kwa wateja atakwambia usogee karibu na ruta. Omba namba ya malalamiko. Wasipokushughulikia, TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) wanapokea malalamiko ya watumiaji, lakini watataka kuona umeanza kwa kampuni.

Kwenye ukurasa wa ONT soma pia nguvu ya mwanga unaopokelewa. Aina iliyozoeleka inafanya kazi kati ya -8 na -27 dBm. Ikiwa -25 au chini zaidi, waombe wasafishe konekta na waangalie mahali faiba ilipokunjwa. Kila 3 dB inayopotea ni nusu ya mwanga. Mwanga dhaifu kwa kawaida haupunguzi kasi taratibu. Unaleta makosa, pakiti zinapotea, mwisho taa nyekundu ya LOS (mwanga haufiki) inawaka. Usichomoe faiba ukachungulia ndani, mwanga wake hauonekani na unaumiza jicho.

Kebo ya dari usiitupe bado. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, hiyo ibadilishe, maana inavunjika kwenye kichwa na upinzani wake ni mkubwa. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, kata vichwa vyote viwili ubane vipya. Kichwa kikikutazama kwa upande wa meno, kishikio kikiwa nyuma na waya ukitokea chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawa. Usifumue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita 1.3, na ganda la nje la kebo liingie ndani ya kichwa ili lishikwe na kile kibano, siyo nyuzi peke yake. Kisha `Get-NetAdapter` tena. Ikiandika 1 Gbps, pima.